Nyumba mpya Lewiston: BTU 48,000 na vichwa sita ni vingi mno

Msomaji wetu wa Lewiston, katika jimbo la Maine nchini Marekani, ameuliza hivi: "Tunajenga nyumba yenye sehemu ya chini na ya juu, futi za mraba 1,800, vyumba vinne vya kulala. Tuko watu saba, bibi wa watoto akiwemo. Mkandarasi ametuletea makadirio ya pampu ya joto ya BTU 48,000: mashine moja nje na vichwa sita vya ukutani, kimoja kila chumba. Majirani wanatuonya kwamba pampu hizi hushindwa baridi ikizidi, eti tuweke boila ya mafuta. Tufuate lipi? Na maji ya kuoga tuyachemshe kwa nini?"

Pampu ya joto wekeni, ila msiweke hiyo. (BTU ni kipimo cha joto, na hapa namba zake ni za kila saa; vichwa ni vifaa vya ndani vinavyopuliza hewa chumbani.) Kwa nyumba mpya iliyozibwa vizuri, mashine ya takriban nusu ya ukubwa huo inatosha, na vichwa sita kwenye mashine moja ni mpangilio utakaowasumbua na kuwapandishia bili. Maji ya kuoga yawe na pampu yake ndogo ya joto, peke yake. Nitaeleza kwa hesabu, ili mkikaa na mkandarasi mezani mjue mnachokitaka.

Kwanza hofu ya majirani. Pampu ya joto ni friji iliyogeuzwa: friji hutoa joto ndani ya sanduku na kulitupa nyuma yake jikoni, na pampu hutoa joto kwenye hewa ya nje na kulileta ndani. Hewa ya nyuzi −15 za Selsiasi bado ina joto la kuchukuliwa, ila kazi ya kulichukua inakuwa kubwa zaidi. Mashine za zamani zilishindwa kweli, kwa sababu kompresa zao zilikuwa na mwendo mmoja tu. Za sasa hubadilisha mwendo, na zile zilizotengenezwa kwa nchi za baridi hufanya kazi mpaka −25 au chini kidogo. Maine ilijiwekea mwaka 2019 lengo la kufunga pampu mpya 100,000 ifikapo 2025, na ikalifikia 2023, miaka miwili kabla. Kwa hiyo mafundi wa kazi hii mnao hapo hapo, jambo ambalo si kila jimbo linalo.

Sasa ukubwa. Ukubwa hautoki kwenye futi za mraba. Unatoka kwenye hesabu ya joto linalopotea kupitia kila ukuta, dirisha na ufa, na hesabu hiyo huko inaitwa Manual J. Mdai mkandarasi karatasi yake, chumba kwa chumba. Aliyekuja na 48,000 bila karatasi hiyo kwa kawaida amezidisha futi za mraba kwa 25 au 30, kipimo cha nyumba kuukuu zenye kuta tupu.

Tuipige kwa mkono kwa nyumba ya mfano kama yenu. Futi 1,800 ni mita za mraba 167, yaani 84 chini na 84 juu. Nitataja wati zinazopotea kwa kila digrii moja ya tofauti kati ya ndani na nje. Kuta, ukitoa madirisha, ni kama mita za mraba 170. Zikijengwa kwa mbao za inchi 2 kwa 6 na kujazwa kihami joto cha R-21 (R ikiwa kubwa, joto hupotea kidogo), zinapoteza wati 56. Madirisha ni mita za mraba 25 hivi, na yakiwa na lebo ya U 0.30 (U ni kinyume cha R, ikiwa ndogo ndiyo bora) yanapoteza wati 42. Tazama hapo: madirisha ni sehemu ya saba tu ya eneo la kuta, lakini yanapoteza robo tatu ya kinachopotea kwenye kuta zote. Mkiwa na pesa kidogo ya ziada, iende kwenye madirisha kabla ya kwenda kwenye mashine kubwa. Dari ya R-60 ni wati 8, milango 7, msingi na sakafu ya chini kama 20. Hewa inayopenya kwenye nyufa ni wati 20 kama nyumba imezibwa vizuri, na mfumo wa kubadilisha hewa unapoteza 10 hivi. Jumla ni wati 163 kwa digrii.

Katika eneo la Lewiston hesabu hufanywa kwa baridi ya takriban −17. Ndani mkitaka 21, tofauti ni digrii 38. Mara 163 ni wati 6,200, sawa na BTU 21,000 kwa saa. Hiyo ndiyo siku mbaya. Siku ya kawaida ya Novemba au Aprili, nje ikiwa nyuzi 5, nyumba hiyo hiyo inahitaji wati 2,600, chini ya BTU 9,000. Na watu saba, jiko, friji na jua la dirishani vinatoa sehemu ya joto hilo bure.

Hapo ndipo mashine ya 48,000 inapoharibu kazi. Kompresa hupunguza mwendo, lakini ina kiwango ambacho haiwezi kushuka chini yake, na kwa mashine kubwa za vichwa vingi kiwango hicho mara nyingi ni BTU 10,000 au zaidi. Nyumba ikitaka 6,000, mashine inawaka, inamwaga joto dakika chache, inazima, inawaka tena. Kila kuwaka kunakula umeme kabla joto halijaanza kutoka vizuri, na kompresa inachakaa mapema. Mchezo huu wa kuwaka na kuzima hutauona kwenye karatasi ya matangazo, kwa sababu vipimo vya maabara huchukuliwa mashine ikiwa imetulia kwenye mwendo mmoja.

Vichwa vyenyewe vina kasoro ya pili. Kichwa kidogo kabisa sokoni ni cha BTU 6,000 hivi, na chumba cha kulala katika nyumba kama yenu kinahitaji 2,000 siku ya baridi kali. Tena mashine ya nje ikifanya kazi kwa ajili ya sebule, gesi yenye joto huendelea kupita kidogo kwenye vichwa vilivyozimwa ili mafuta ya kompresa yasituame. Ndiyo sababu watu hulalamika kwamba chumba kina joto jingi huku rimoti inaonyesha kimezimwa. Hapo fundi ataitwa mara tatu na hatapata kosa, maana kosa ni la mpangilio wenyewe.

Njia zinazofaa ni mbili. Ya kwanza ni mashine moja ya BTU 24,000 ya nchi za baridi, na ndani kifaa kimoja kinachosukuma hewa kwenye dakti (mifereji ya kupitishia hewa) hadi kila chumba. Ya pili ni mashine mbili zinazojitegemea, kila moja na kichwa chake kimoja cha 12,000, moja chini na moja juu, pamoja na vihita vidogo vya umeme vya ukutani kwenye bafu na vyumba vya pembeni. Njia ya pili ni nafuu na ina faida kubwa: mashine moja ikiharibika Januari, nyingine inabaki. Lakini joto lake haliingii kwenye chumba kilichofungwa mlango. Chumba cha kulala kikifungwa usiku kucha kinaweza kushuka digrii 3 hadi 5 chini ya ukumbi. Kwa familia ya watu saba, vyumba vinne, na bibi ambaye pengine analala mapema mlango umefungwa, mimi nashauri dakti. Wangekuwa wawili wenye kuacha milango wazi, ningesema mashine mbili bila kusita.

Dakti zipite ndani ya eneo lenye joto: katikati ya mbao za sakafu ya juu au kwenye chumba cha chini ya ardhi chenye kihami. Zisipelekwe darini juu ya kihami joto, ambako hewa ya nyuzi 38 inapita katikati ya baridi ya −15. Hili lazima liamuliwe kabla fremu haijasimama, kwa sababu fundi wa mabomba ya maji akishapita, nafasi kati ya mbao huwa imekwisha. Kila chumba cha kulala kiwe na njia ya hewa kurudi, au tundu lenye wavu juu ya mlango. Hewa isiporudi, haiingii pia. Mashine ya 24,000 husukuma hadi futi za ujazo 800 kwa dakika, na dakti nyembamba huifanya ipige kelele na kupunguza joto. Hesabu ya dakti ina jina lake, Manual D. Iombeni nayo.

Namba ya kwenye boksi isiwadanganye. "24,000" ni jina tu, hupimwa katika hali ya wastani. Mashine mbili zenye jina hilo, kwenye −15 moja yaweza kutoa 25,000 na nyingine 14,000. Kinachotakiwa ni uwezo kwenye nyuzi 5 za Fahrenheit, ambazo ndizo −15. Shirika la NEEP huchapisha orodha ya pampu za nchi za baridi ikionyesha uwezo mkubwa na mdogo kabisa wa kila modeli kwenye 47, 17 na 5 Fahrenheit (karibu 8, −8 na −15 za Selsiasi). Tafuteni modeli itoayo walau 22,000 kwenye 5, na ambayo kiwango chake cha chini kwenye 47 hakizidi 7,000 au 8,000. Namba hii ya pili wauzaji wengi hawaitaji kabisa, nayo ndiyo inayoamua nyumba itakavyokuwa tulivu miezi sita ya mwaka. Kipimo cha COP huonyesha uniti za joto kwa kila uniti moja ya umeme: mashine nzuri hutoa 3.5 hadi 4 kwenye 47 Fahrenheit, na karibu 2 kwenye 5. Kwa msimu mzima hesabuni 2.7.

Baridi ikishuka hadi −26, nyumba yenu itataka BTU 26,000, na pampu peke yake haitafika. Kwa ajili ya usiku huo wekeni ndani ya kifaa cha dakti hita ya umeme ya kilowati 5, si 10 wala 15. Iwekwe iwake tu nje ikiwa chini ya −18 na pampu imeshindwa. Kosa linaloumiza watu zaidi ya yote liko hapa: themostati isiyopangwa vizuri huwasha hita hiyo kila asubuhi, kimyakimya, na nyumba inapata joto safi huku bili ikipanda mara mbili. Fundi apime umeme kwenye waya za hita kwa mita ya kubana, hita ikiwa imezimwa na ikiwa imewashwa, mbele yenu. Nanyi msishushe themostati usiku kwa digrii 4 au 5 kama mlivyozoea kwenye boila. Kupandisha asubuhi ndiko kunakoiita hita. Iacheni kwenye 20 au 21 siku zote. Hewa itokayo itakuwa vuguvugu mkononi, nyuzi 35 hadi 40, na itatoka muda mrefu. Watu waliozoea tanuru hudhani imeharibika. Haijaharibika.

Mashine ya nje iinuliwe kwenye stendi ya chuma juu ya zege, sentimita 45 hadi 60 kutoka ardhini, ili theluji isiizike. Isikae chini ya ukingo wa paa: maji yanayodondoka hugandia kwenye feni, na theluji ya paa huporomoka na kuikunja. Kuifunga ukutani kunaonekana nadhifu, lakini mtetemo huingia kwenye mbao na kusikika vyumbani. Wakati wa baridi mashine hujiyeyushia barafu yenyewe kila baada ya muda. Mvuke mwingi hupanda kama moshi kwa dakika chache na maji hutiririka chini. Maji hayo yasielekee njia ya kupita watu, yatakuwa kioo cha barafu. Chagueni modeli yenye hita kwenye sinia la chini, la sivyo barafu hujaa ndani na kula mapezi ya feni.

Kuhusu ufungaji, simameni karibu siku ya mabomba ya shaba. Mdomo wa bomba hupanuliwa kama tarumbeta kisha hukazwa kwa nati, na hapo ndipo gesi huvuja. Fundi mzuri hukata kwa kikata bomba, hukwangua kingo, hupaka tone la mafuta mgongoni mwa mdomo, na hukaza kwa spana yenye kipimo, asikadirie kwa mkono. Kisha hujaza naitrojeni kwa shinikizo ambalo kiwanda kimeagiza na kuiacha, saa kadhaa au usiku kucha, aone kama geji imeshuka. Ndipo avute hewa yote iliyomo bombani mpaka geji isome chini ya mikroni 500, afunge pampu yake ya kuvutia hewa, na kutazama kama namba inapanda. Ikipanda haraka kuna uvujaji, ikipanda taratibu na kutulia kuna unyevu. Anayefungulia gesi baada ya kuvuta hewa dakika kumi amewauzia matatizo ya mwaka wa pili. Tangu Januari 2025 mashine mpya za nyumbani Marekani hazitengenezwi tena kwa gesi ya R-410A. Mtapewa R-454B au R-32, ambazo huweza kuwaka kidogo, na fundi anatakiwa kuwa na vifaa vinavyozifaa. Kama mnauziwa ya R-410A kwa bei ya kutupa, ni mabaki ya stoo.

Maji ya moto ni suala kubwa kuliko mlivyodhani. Watu saba wakitumia lita 50 kila mmoja ni lita 350 kwa siku. Kuyatoa nyuzi 7 hadi 52 kunahitaji uniti 18 za joto (uniti moja ni kilowati moja kwa saa moja). Kwa mwaka ni uniti 6,700, sehemu kubwa hata ukilinganisha na joto ambalo nyumba nzima ya namna hii itahitaji. Hita ya kawaida ya umeme italipia uniti zote 18 kila siku. Tangi lenye pampu ya joto litalipia 6 au 7. Lakini kompresa ya tangi hilo ni ndogo, hutoa kama kilowati 1.3 ya joto, kwa hiyo uniti 18 huichukua saa 14. Mkinunua tangi la galoni 50, watoto watatu wakishaoga litaishiwa na kuwasha hita zake za umeme, na faida yote inapotea. Chukueni la galoni 80. Lipangeni kwenye nyuzi 60, na kwenye bomba la kutokea wekeni vali ya kuchanganya inayoshusha maji hadi 49: maji yanatosha watu wengi zaidi na mtoto haungui. Likae kwenye chumba cha chini ya ardhi chenye ujazo wa walau mita 20, si kabatini, karibu na bomba la maji machafu kwa sababu linadondosha maji, na lisiwe chini ya chumba cha bibi maana feni yake inasikika. Litapooza chumba hicho digrii chache. Kiangazi ni faida, linakausha unyevu.

Kuhusu mafuta, wekeni bei zenu kwenye hesabu hii. Galoni ya mafuta kwenye boila nzuri hutoa uniti 35 za joto. Ikiwa dola 4, kila uniti ni senti 11. Gesi ya propani hutoa uniti 25 kwa galoni. Kwa dola 3.40 ni senti 13 au 14. Umeme wa senti 27 ukigawanywa kwa 2.7 ni senti 10, na hita ya umeme ni senti 27 kamili. Mnaona kwamba pampu haiyashindi mafuta kwa mbali, na anayewaahidi bili ya robo anawadanganya. Faida yenu iko kwingine: hamjengi bomba la moshi, hamnunui tangi, hamlipi huduma ya boila kila mwaka, na Julai mna kiyoyozi. Pampu ya kuchimba ardhini huokoa umeme zaidi, lakini kwa nyumba yenye uhitaji mdogo namna hii gharama ya kuchimba hairudi kwa urahisi, hasa tangu punguzo la kodi la asilimia 30 lilipokoma mwisho wa 2025.

Umeme ukikatika, pampu imelala, na boila ya mafuta pia, kwa sababu nayo inahitaji umeme wa kuwashia na kuzungushia maji. Maine huwa na dhoruba za barafu. Ile ya Januari 1998 iliwaacha watu wengi gizani kwa siku nyingi. Jiko la kuni lenye mlango, linalovuta hewa yake kutoka nje, ndilo tegemeo linalofaa. Kama kuni hazifai kwa afya ya bibi, wekeni sasa hivi soketi ya nje ya jenereta na swichi ya kubadilishia. Kufunga waya kabla ya kuta kuzibwa ni kazi ya saa chache.

Jambo la mwisho liandikwe kwenye mkataba: kipimo cha uvujaji wa nyumba kwa feni ya mlangoni, kifanyike mara mbili. Mara ya kwanza kabla ya bodi za ndani kupigiliwa, mtu akizunguka na mkono au moshi kutafuta nyufa kwenye madirisha, kwenye mbao inayokalia msingi na mahali mabomba yanapotoboa dari. Wakati huo tyubu ya silikoni inaziba yote. Mara ya pili nyumba ikikamilika. Hesabu yangu ya BTU 21,000 ilichukua mabadiliko 2 ya hewa kwa saa kwenye paskali 50, yaani shinikizo la feni wakati wa kipimo. Kipimo kikitoka 5, wati zile 20 za nyufa zinakuwa 50, uhitaji wa siku mbaya unafika karibu 25,000, na ni vizuri mjue hilo kabla mashine haijaagizwa.